Neno la Kwanza la Kidosho

Kabla ya kulea watoto wa wenzake, Mama Beseni alifua mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na tisa. Mgongo ulipogoma, akastaafu, akatoa makochi sebuleni, akatandika mkeka, akapokea watoto watano ambao wazazi wao walishinda kazini. Vitu vya kuchezea vya dukani hakuwa navyo. Alikuwa na vifuniko vya sufuria, vibanio vya nguo, maboksi, na lile beseni kubwa la bluu lililompa jina.

Miongoni mwa watano hao alikuwa Kidosho, binti wa miaka miwili na miezi minne, ambaye alikuwa hajawahi kutamka neno. Masikio yalishapimwa, anasikia vizuri. Baba yake, mwalimu wa hesabu, hakuwa na raha. Asubuhi moja alimleta pamoja na daftari na penseli mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kila siku anarudi nguo zimelowa. Naomba leo aanze kuandika, hata namba moja tu. Kucheza atacheza nyumbani."

Ulimi hauna mfupa, na wa Mama Beseni ulijulikana mtaa mzima. Lakini alimtazama yule baba, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akameza alilotaka kusema.

"Shule si mmefunga?"

"Tumefunga."

"Basi vua viatu, ukae. Penseli haiozi."

Mwalimu akakaa mkekani, magoti yakimfika kidevuni. Mtoto mmoja akamvisha sufuria kichwani, naye kwa haya ya ugeni akaiacha hapo hapo. Kidosho alikuwa kwenye beseni na vikombe viwili, kidogo na kikubwa. Alimimina kikubwa ndani ya kidogo, maji yakamwagika. Akashangaa. Akageuza mambo: akachota kwa kidogo, akamimina katika kikubwa. Akachungulia. Akachota tena.

"Anapima!" mwalimu akanong'ona.

"Jina la anachofanya silijui. Ninachojua, akiwa hapo hataki bughudha."

Lakini mkono wa mzazi haujui kutulia. Kikombe kilipokaribia kujaa, mwalimu akanyoosha wake amsaidie. Kidosho akausukuma.

"Bado!"

Mama Beseni aliduwaa, kibanio mkononi, asijue alitaka kubana nini. Mwalimu naye, sufuria kichwani, akafungua mdomo amwombe mtoto arudie. Mama Beseni akamtikisia kichwa.

"Usimdai, baba. Mwache amalize kazi yake."

Kidosho akaongeza kikombe cha mwisho, maji yakafurika hadi kwenye suruali ya baba yake. Mwalimu akacheka, kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati. Mama Beseni akajifanya anakung'uta mkeka.

Mtoto hakusema tena siku ile, wala kesho yake. Wiki ya pili akasema "maji", kisha "yangu", na hilo la "yangu" halikumkauka mdomoni hadi wenzake wakachoka. Hata hivyo hakugeuka kasuku. Muhula ulipoanza, mwalimu alimwacha kila asubuhi na kuuliza pale mlangoni, "Jana alisemaje?" Mama Beseni akamsimulia bila haraka, siku nyingine maneno mawili, siku nyingine hakuna hata moja.