Swali la Usalama la Mama

Mama yangu ana majina matatu, na moja kati ya hayo sikupaswa kulijua mpaka naingia kaburini. La kwanza alipewa kanisani, ndilo lililo kwenye kitambulisho chake. La pili alilipata unyagoni, na wenzake wa rika moja humwita hilo. La tatu ni lile alilokuwa nalo kabla ya unyago, utotoni huko Mkunya, na siku alipotoka unyagoni aliliacha hukohuko.

Kwetu mtu aliyekwisha kuchezwa, unyago au jando, haitwi tena jina la utotoni. Ukimwita umemtukana, hata kama wewe ndiye mama yake mzazi. Nimewahi kuona wazee wawili, watu na heshima zao, wakikunjana mashati sokoni Newala kwa sababu mmoja wao aliteleza ulimi. Kwa hiyo watu wengi hawalitumii jina lolote kati ya hayo matatu. Wanamwita mama wa fulani, na huyo fulani ndiye mimi, kifungua mimba wake, basi yamekwisha.

Marehemu baba alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa Lupaso, aliyependa vitu vipya kupita umri wake. Alipomnunulia mama simu janja, alikaa naye barazani mchana kutwa akimfungulia akaunti ya kutumiana ujumbe. Kampuni yenyewe sitaitaja, maana nadhani ina wanasheria wengi kuliko walimu tulio nao wilayani. Ilidai swali la usalama, na ikatoa maswali kadhaa ya kuchagua. Mnyama wako wa kwanza aliitwaje? Mama hajawahi kumpa mnyama jina. Kuku ni kuku. Ulikulia mtaa gani? Alikokulia hakukuwa na mitaa. Baba akashuka chini zaidi akalikuta alilolitaka: jina lako la utotoni ni lipi?

Alinipigia simu Masasi, ninakofundisha, akiwa anacheka peke yake. "Hili hakuna mwizi atakayelipata," aliniambia. "Hata mimi mumewe silijui. Nimegeukia ukutani, ameandika mwenyewe." Alijiona amewazidi akili wazungu waliotengeneza ule mtambo, na mimi nilimwachia furaha yake.

Kila msimu wa korosho baba alikwenda Lupaso kwenye mikorosho ya urithi, na mama alibaki Newala kulinda nyumba na maji. Anayeijua Newala anajua kwamba maji yakitoka bombani na nyumbani hakuna mtu, mmepitwa, mtakula wa chuya. Hapo ndipo baba alipoanza kumtumia sauti. Hakuwa na habari kubwa za kusema. "Bibie, hii chumvi umeifunga kwenye kifurushi kipi?" "Bibie, ming'oko ya kuchimba porini huku mwaka huu mitamu, nakuletea." Upo ujumbe mmoja anamwambia, "Msikilize ndege huyu," kisha kinafuata kimya kirefu, maana ndege alikwisha kwenda zake. Mama alikuwa akiuona huo kuwa ujinga mtupu, na hakuufuta.

Baba alipofariki, zile sauti zikabaki ndani ya simu. Alasiri mama alikaa jikoni akimenya mihogo, simu iko juu ya kinu, baba anauliza chumvi. Nilidhani nitamkuta analia. Nilimkuta anajibu. "Si nilikuonyesha wakati unafunga mzigo? Macho yako yalikuwa wapi?" Nilisimama mlangoni nikasikiliza mume na mke wanavyogombana, nikamshukuru Mungu kwa kile kisimu.

Kisha simu ikatumbukia kwenye tangi la maji ya mvua. Mama alikuwa ameinama achungulie kina, ikachomoka kifuani kwenye kanga. Hadi leo sijui alihuzunikia nini kwanza, simu au maji yaliyobidi yatekwe yote ndiyo ipatikane.

Nikapanda Newala na simu mpya. Nikamweleza mama asihofu, sauti hazikuwa ndani ya simu, ziko kwenye akaunti, na akaunti iko huko kwa wenyewe. Aliniuliza ni wapi huko. Nikasema mbali. Kampuni ikaanza kutuuliza maswali. Ilitaka picha ya uso wake, akiwa amegeuka kushoto, kisha kulia. Ilitaka ruhusa ya kujua alipo. "Niko nyumbani kwangu," mama aliiambia. Ilitaka kusoma majina ya watu wote anaowasiliana nao. Kila ukurasa ulianza na maneno yaleyale: tunathamini faragha yako. Mimi huwa na hasira za karibu, na nilipoyasoma mara ya nne nilianza kuzungumza na simu kama ninavyozungumza na kidato cha pili.

Mwishowe likaja swali la baba. Nikatoka nje, mama akaandika. Jibu si sahihi. Akaandika tena. Jibu si sahihi. Tatizo tulilitambua tumechelewa: jina lile ni la Kimakonde cha zamani, na halikuwa limeandikwa popote duniani ila siku ile moja barazani. Jina lisilowahi kuandikwa halina tahajia. Je, alianza na herufi ya N au M? Aliweka H katikati? Mama mwenyewe hakukumbuka. Mtambo ukafunga akaunti na kutuonya kwamba isipothibitishwa mwezi huo, vyote vilivyomo vitafutwa. Tupige simu kwa mhudumu.

Tulisubiri muda mrefu tukipigiwa muziki, kisha ikaja sauti ya binti mpole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo mama. Simu hii inarekodiwa ili kuboresha huduma zetu. Kwa usalama wako, naomba unitajie jina lako la utotoni."

Mama akanitazama, kisha akaitazama simu. "Mwanangu, wewe umechezwa?"

"Samahani mama, nimefanyaje?"

"Unyago. Umechezwa unyago?"

"Hapana mama. Kwetu hatuna."

"Sasa jina hilo nikikupa, utaliweka wapi?"

"Kwenye mfumo, mama."

"Na huo mfumo una mlango?"

"Uko salama kabisa, mama."

Mama akaniambia nikate. Nikakata, kisha nikampandishia sauti. Nilimwambia kwamba hilo ni jina tu, aliseme tumalize, kwamba yule binti atakuwa amelisahau kabla hajanywa chai. Mama hakukasirika. Alifuta mikono kwenye kanga, akasema taratibu, "Baba yako niliishi naye miaka yote ile na sikumtamkia. Aligeukia ukutani mwenyewe, bila kuambiwa. Sasa ili nimsikie yeye, nimtamkie mtu nisiyemjua." Kwa mara ya kwanza niliuona uzito wa kile walichokuwa wanamdai.

Alikaa nalo siku hiyo na kesho yake. Kesho yake jioni alichukua simu, akaingia chumba cha nyuma tunachohifadhi magunia, akafunga mlango. Mimi nikaenda mbali kabisa, hadi kwenye uzio, nikaimba kwa nguvu wimbo wa kwaya ili hata upepo usiniletee kitu. Alipotoka uso wake ulikuwa umechoka, lakini simu ilikuwa inaongea. Baba alikuwa anauliza chumvi.

Nilirudi Masasi moyo wangu mweupe. Asubuhi iliyofuata nilikuwa nakunywa uji kabla ya kwenda shuleni, simu ikalia. Kampuni ilikuwa inanijulisha, kwa furaha na rangi nyingi, kwamba ninayewasiliana naye amerudi. Chini yake liliandikwa jina moja fupi la Kimakonde ambalo sikuwahi kulisikia. Nilifunika kioo kwa kiganja kama mtu aliyemfumania mama yake anaoga. Nilikuwa nimekwisha kulisoma.

Walichokifanya ni hiki: jina alilomtamkia yule binti ndilo "lililothibitishwa", kwa hiyo mfumo ukaliweka mbele ya akaunti na kuwatangazia watu wote waliomo kwenye simu yake. Akina mama wa kanisani, ndugu wa Mkunya, mashemeji wa Lupaso, muuza samaki. Nilipiga simu. Nikaambiwa jina hubadilishwa baada ya miezi miwili, ndio utaratibu, kwa usalama wa mteja. Niliandika malalamiko marefu kwa niaba ya mama. Jibu lilirudi papo hapo, likimsalimu kwa jina lilelile, na kumhakikishia kwamba faragha yake inathaminiwa. Nilichowajibu siwezi kukiandika hapa, ninaimba kwaya.

Jumamosi nikapanda Newala nikiwa na hofu. Niliyemwogopa zaidi alikuwa mtu mmoja, mtani wake wa ukoo, mzee wa Mkunya waliyekua pamoja wakiokota korosho. Mtani hana mpaka, na huyu hasa hana. Siku ya mazishi ya baba alishuka kaburini kabla ya jeneza, akajinyoosha, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, na tukampa huku tunacheka na machozi yanatutoka. Kazi yake duniani ni kumtania mama, na jina ambalo mila ilimkataza kulitamka tangu mama alipochezwa, sasa kampuni ilikuwa imempelekea kama silaha mpaka mkononi.

Nilimkuta barazani. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele. Nikawaamkia, wakaitikia, nikakaa karibu na mzee nikiwa tayari kumkatiza akifungua mdomo vibaya. Alizungumzia mvua. Alizungumzia bomba lililokauka. Aliniuliza wanafunzi wangu wamepiga wenzao wangapi. Mama hakuinua uso.

Nilimwuliza mama kwa sauti ya chini kama kuna aliyemsema. Alitikisa kichwa. Akina mama wa kanisani walikuja jana kutwanga kwa ajili ya harusi, wote, na simu zao vifuani. Hakuna aliyesema kitu. Mmoja alimwomba amwazime ungo. Muuza samaki alipita akamwita mama wa fulani, kama siku zote, kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Mzee akatoa simu yake mfukoni, akavaa miwani, akaisogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu. Nilijua sasa linakuja. Nikasogea.

"Mtani," alimwambia mama, "hii simu yangu imeharibika. Tangu juzi ukinitumia ujumbe hainionyeshi jina. Inaleta namba tupu."

Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega na kioo kilikuwa mbele yangu. Jina lilikuwapo, kubwa, juu kabisa.

Mama aliacha mchele. Alimtazama yule mzee, akamsogezea kikombe cha chai.

"Basi usiipeleke kwa fundi," alisema.