Vidole vya Cherono

Harufu ya pareto iliyokauka hukwaruza pua na haitoki upesi. Nikipita karibu na gunia lake hata leo, naliona banda la kukaushia maua kwenye shamba la mzungu kule Molo, ambako baba alikuwa kibarua miaka ya hamsini. Nyuma ya banda palikuwa na joto, nanyi mnaoijua baridi ya Molo mtaelewa kwa nini watoto tulipang'ang'ania.

Hapo ndipo ndugu yangu mkubwa, Kiprop, alipofanyia darasa lake. Alikuwa akisomea ualimu katika chuo cha misheni, na alikuwa ameamua kufundisha watoto viziwi, kazi ambayo kwetu hakuna aliyewahi kuisikia. Bibi mmoja wa misheni aliyeifanya huko kwao ndiye aliyemwelekeza. Kila Jumamosi Kiprop alikuja mbio kutoka chuoni, akipanda vilima, akafika shati likitoa mvuke. Kisha aliketi na wanafunzi wake watatu, akiweka viganja vyao kooni mwake wahisi sauti, akihesabu nao maua ya pareto kwa vidole. Mmoja wao alikuwa dada yetu mdogo, Cherono, ambaye homa ilimwondolea masikio akiwa bado mgongoni mwa mama.

Lakini Kiprop ndiye pia aliyekuwa mkimbiaji bora wa maili tatu chuoni, na mwalimu wa michezo alizitaka Jumamosi hizo hizo. Mwishowe alimwambia, "Ukishinda mashindano ya Nakuru, endelea na watoto wako. Ukishindwa, kila Jumamosi utakuwa uwanjani."

Baba hakuona tatizo. "Mbio zitakuingiza kwenye kazi ya polisi," alisema. "Hawa mabubu watakuingiza wapi?"

Nami nilikuwa upande wa baba. Nilimwonea Cherono haya. Akitoa zile sauti zake mbele ya wenzangu, nilijifanya simjui.

Siku ya mashindano tulishuka Nakuru juu ya lori la shamba, tumekalia magunia. Kiprop alimweka Cherono kwenye kona, hatua chache kutoka mstari wa kumalizia, amwonyeshe kwa vidole mizunguko iliyobaki.

"Si nihesabu mimi?" nikanung'unika. "Mimi nasikia."

"Wewe utashangilia," akasema. "Yeye atahesabu."

Wakimbiaji walikuwa wengi. Baada ya muda, waliokuwa mbele waliwapita wa nyuma, wakachanganyikana, hata usijue nani anaongoza. Mzee wa kengele naye akachanganyikiwa, akaipiga kutangaza mzunguko wa mwisho. Uwanja mzima ukasimama. Vijana wawili waliokuwa mbele ya Kiprop wakachomoka kama waliofukuzwa na nyuki.

Cherono alikuwa ameinua vidole viwili.

Nikaushika mkono wake nikaushusha. "Moja!" nikamfokea, kana kwamba kufoka kungesaidia, nikamwonyesha kidole kimoja. Aliniangalia kwa subira, vile unavyomwangalia mtu aliyekosea hesabu rahisi, akajinasua na kuinua vidole viwili tena. Kiprop akapita. Akautazama mkono wa Cherono, akanitazama mimi nikirukaruka na kidole changu, wala hakuongeza mwendo.

"Huyo amechoka," mzee mmoja nyuma yetu akasema.

"Mwalimu wa mabubu," kijana wa chuo cha Kiprop akaitikia, "si arudi tu darasani akalale." Watu wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, niliinamisha uso wasijue kwamba ni wetu.

Wale wawili walifika mstarini wakajitupa kwenye nyasi. Hakuna aliyewapokea. Msimamizi aliyekuwa akiandika mizunguko alikuwa akipunga mikono: bado mmoja, bado mmoja. Mmoja aliinuka akishika tumbo, mwingine akatembea kama mgonjwa. Kiprop akawapita. Cherono alikuwa ameonyesha kidole kimoja, na hapo ndipo ndugu yangu alipofungua miguu. Sijaona tena mtu akikimbia hivyo. Alimaliza peke yake, akapata hata nafasi ya kugeuka kuona wengine wako wapi.

Mwalimu wa michezo alikuja akampa mkono. "Jumamosi ni zako, bwana."

"Nani alikuambia kengele imekosea?" baba akauliza.

Kiprop akamnyooshea Cherono kidole. Baba akaenda akarudi na soda, akampa msichana chupa nzima. Nilipoulizia yangu alisema, "Wewe si ulikuwa umemaliza mzunguko mmoja mapema? Nilidhani umeshakunywa."

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama habari ya miguu ya Kiprop. Nilidhani alikuwa ameweza kubeba mizigo miwili, mbio na ualimu, bila kuangusha hata mmoja. Nilikuwa mtu mzima, naye ameshafundisha watoto wengi, nilipotambua kwamba kwake ulikuwa mzigo mmoja. Kengele ilipolia, karibu watu wote tuliokuwa na masikio tulidanganyika. Yeye aliweka ushindi wake, na darasa lake lote, mkononi mwa mwanafunzi aliyemfundisha mwenyewe, kwa sababu alijua amemfundisha vizuri. Mkono huo ndio nilioushusha mimi, na namshukuru Mungu kwamba dada yangu alikuwa na nguvu kuliko mimi.