Mama Aliipamba Nyumba Kabla Mtu wa Bima Hajafika

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Bukavu, mama wa watoto watatu. Naishi Brussels, upande wa Koekelberg, na kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mhariri, tafadhali ficha jina langu. Wakongo wa hapa tunajuana mno: neno likitamkwa asubuhi Matonge, kwenye maduka yetu ya Kiafrika, mchana limeshamfikia mwenyewe nyumbani.

Nyumba yetu ni ya kizamani, nyembamba, imebanwa na za majirani kulia na kushoto. Mimi na mume wangu tuliinunua kwa kujinyima kila kitu, na ndiyo mali pekee tuliyo nayo duniani. Miaka miwili iliyopita mama yangu mzazi alikuja kukaa nasi kwa sababu ya vita. Nyumba yake ya Bukavu ilivunjwa, bati na milango vikabebwa na watu. Alifika na begi moja, na tangu siku hiyo nyumba yetu ameipenda kuliko sisi wenyewe.

Basi majira ya baridi yaliyopita ikapiga dhoruba. Vigae vya paa viliruka, bomba la moshi likaanguka upande wa barabarani, likang'oa mbao za ukingo wa paa na kubandua lipu ya ukuta karibu nusu. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Tuliwapigia watu wa bima, wakasema Jumatatu atakuja mtaalamu wao kutazama uharibifu, kisha watalipa matengenezo. Jioni nikamweleza mama kwamba Jumatatu kuna Mzungu anakuja kuangalia nyumba. Niliishia hapo, sikuona la kuongeza.

Jumamosi mimi na mume wangu tulikuwa kazini. Niliporudi sikuitambua nyumba yangu. Ukuta wa mbele ulikuwa mweupe pe! Mama alikuwa ameita salongo, ile kazi yetu ya pamoja. Wanaume wa kikundi cha maombi walipanda ngazi, wakaziba paa kwa mabati, wakapiga saruji ukuta mzima, wakapaka rangi. Wanawake walifagia hadi mbele ya majirani. Vigae vilivyovunjika, mbao, matofali, vyote vilikwisha kupelekwa jalalani. Nikawakuta sebuleni wanakula fufu na sombe, kisamvu chetu.

Mama akanipokea kwa vigelegele. "Muzungu anakuja kuangalia nyumba, akute uchafu chini? Batu batasema nini? Ile ya Bukavu balivunja, mutoto yangu. Hii tumeiokoa!"

Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Wakadhani ni machozi ya furaha, wakaanza kuimba.

Jumatatu mtaalamu alifika, akasimama barabarani akitazama juu, akauliza uharibifu uko wapi. Mume wangu alieleza mpaka sauti ikakauka. Picha hatukuwa tumepiga hata moja. Yule bwana akajibu kwa upole, "Monsieur, siwezi kuandika nisichokiona." Mama, ambaye Kifaransa chake ni cha salamu tu, alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya mandazi. Mgeni hakuyagusa. Bima ikakataa, tukakata rufaa, ikakataa tena. Mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tulificha ya nyumba.

Sasa baridi imerudi. Fundi mmoja alitueleza kwamba ile saruji ilifungia maji ndani ya matofali ya zamani, na barafu inayapasua. Mwezi uliopita kipande kikubwa kilianguka njiani. Watu wa komini, yaani serikali ya mtaa, wakaweka vizuizi, wakasema ukuta usiguswe na mtu yeyote, na sisi tuhame kabla ya mwisho wa mwezi huu. Fedha za kuujenga upya hatuna, na benki haitaki hata kutusikia. Nyumba imekwenda, ndugu zangu. Hilo nimeshalikubali.

Ambalo silijui ni namna ya kumwambia mama. Yeye anaamini vile vizuizi vimewekwa ili mafundi wa Kizungu waje kumalizia kazi. Mume wangu hawezi kumwambia, maana kwetu mkwe hamkaripii mama wa mkewe, hata kumtazama usoni ni shida. Amebaki kula chumbani. Juzi nilimwomba tuzungumze naye pamoja, akanijibu, "Bon, mi ni mukwe. Nitamuambia nini, maman amebomoa nyumba? Ni mama yako. Umuambie weye." Hakukosea, lakini iliniuma.

Mama naye anaona mkwewe amenuna, akajipatia sababu yake. Jana alirudi kutoka Matonge na mifuko ya sombe na samaki wa kukaushwa, uso umechangamka. "Bwana yako anakasirika juu tuliacha kazi katikati," akaniambia. "Nimeisha ita batu ya maombi. Samedi tunapiga saruji tena, mara hii ya nguvu."

Nilifungua kinywa nimwambie. Nikamwona anavyoosha zile sombe, jani kwa jani, akiimba wimbo ule ule wa siku ile. Nikachukua kisu nikamsaidia kukatakata vitunguu.

Ndugu zangu, Jumamosi watu watakuja na ngazi zao kwenye ukuta unaoanguka, kwa hiyo kunyamaza siwezi tena. Lakini mama huyu alishapoteza nyumba moja kwa mikono ya wengine. Mwenye mama kama wangu anishauri: nitaanzaje kumwambia kwamba hii ya pili imekwenda kwa mikono yake?