Vazi Jekundu la Mjukuu Wangu

Simu ilikuwa yangu, lakini mchezo ulikuwa wa mjukuu wangu. Mtoto huyo wa binti yangu aliletwa kwangu Izigo akiwa darasa la tano. Kila jioni, tukishaanua kahawa, alikaa kwenye ngazi za tangi la maji, mahali pekee mtandao unapokamata, akacheza. Walikuwa watano timu moja: yeye, wawili wa Nshamba, na wawili ambao hakuwahi kujua wanaishi wapi. Wakishinda wanapata nyota. Wakishindwa nyota inaondoka.

Siku moja nilimuuliza kama nyota hazinunuliki.

"Nguo zinanunuliwa, Babu. Nyota hapana. Humo ndani hawakuulizi wewe mtoto wa nani."

"Wasipouliza, watajuaje mkubwa ni nani?"

"Si yule anayecheza vizuri?"

Nilicheka sana.

Kwa miaka miwili alipanda daraja baada ya daraja. Msimu ukiisha, waliofika daraja la juu kabisa wangepewa vazi jekundu lisilouzwa popote. Alinionyesha vazi hilo mpaka nikalijua kama koti langu la kanisani. Desemba ile zilimbakia nyota mbili tu kufika huko.

Wanangu wote walikuja kwa sikukuu. Mjukuu wangu mkubwa, wa kijana wangu wa kwanza anayeishi Bukoba mjini, aliiona akaunti ile ya mchezo akaitaka. Yeye ndiye musika, atakayerithi kibanja baada ya baba yake. Hilo lilijulikana tangu azaliwe. Nilikuwa nimekunywa rubisi, lakini sitaisingizia pombe. Nilisema mbele ya wote, kwa sauti ninayotumia kugawa mashamba, kwamba hicho nacho kimepatikana kwa simu yangu, kwa hiyo ni mali ya ukoo, na mali ya ukoo haikai kwa mtoto wa binti.

"Baba, huo ni mchezo tu," binti yangu alisema.

"Kama ni mchezo tu, mbona umenuna?"

Watu wakacheka. Binti yangu akanyamaza, kama alivyonyamaza nilipomkabidhi kaka yake kibanja alichokuwa amekipalilia yeye kwa miaka kumi na moja. Wakati ule nilidhani kunyamaza ni kukubali.

Musika akahamishia akaunti kwenye simu yake, akabadilisha jina na neno la siri. Wale wanne wa timu hawakujua kwamba mchezaji si yule tena. Wakambeba. Siku ya pili akapata vazi, akaipitisha simu mezani tulione.

"Hongera, musika!" tukashangilia. Yule mtoto wa binti yangu alipiga makofi pamoja nasi.

Kufikia Pasaka musika alikuwa amechoka na mchezo. Nilipompigia nimwombe airudishe, alisema, "Ile, Babu? Nilishaifuta."

Basi nikafungua akaunti mpya. Nikawa ninapanda ngazi za tangi kila jioni, vidole vyangu vigumu vikigusa pasipotakiwa. "Wewe unacheza kwa viwiko?" mmoja wa timu aliniandikia. "Toka, unatuangusha!" aliandika mwingine. Ilinichukua miezi kufika daraja la pili.

Mjukuu wangu wa binti siku hizi anasoma sekondari Kahororo. Alipokuja likizo alipiga magoti akanisalimia, hakuacha hata neno moja la heshima. Nikampa simu.

"Nimekuanzishia."

Akatazama. "Umepanda mwenyewe, Babu?"

"Mwenyewe."

Alipitisha kidole juu ya nyota zangu chache. Halafu akanirudishia simu kwa mikono miwili, kama mkubwa anavyopewa kitu.

"Mtunzie musika," alisema, akaenda kuanua kahawa.

Likizo zimepita tatu tangu hapo. Hajaniomba tena simu, na mimi sijathubutu kumpa. Bado napanda pale tangini. Jana nilipoteza nyota mbili.