Msindikizaji wa Kukodi

Dalsu ana miaka themanini na mbili, na mkewe Okbun kazikwa mwaka wa tisa huu. Analima vitunguu saumu kule Goheung, kusini mwa Korea, peke yake, na shamba linamtosha. Mwanawe wa pekee, Incheol, yuko Seoul na cheo chake. Saumu za baba yake anazipokea kwa posta.

Mwezi wa tano, mwezi ambao watoto hukumbuka kuwa wana wazazi, Incheol kapiga simu. Ati kamnunulia baba kipimo cha saratani hospitalini Suncheon, mpira wenye kamera upite utumbo wote mpaka mwisho. Watoto wa siku hizi ndiyo heshima yao hiyo. Wanalipia, halafu wanasimuliana kazini.

Dalsu hakurupuki. Kaenda kwanza kwa daktari wa zahanati, yule binti wa miwani, naye hakumficha kitu. Kipimo kile kinatafuta uvimbe unaokua polepole, kasema, anayefanya leo faida yake anaiona baada ya miaka kumi. Hatari zake ndizo hazingoji. Dawa ya kuharisha, ile ya kusafisha tumbo kabla ya kipimo, inaweza kumwangusha chooni, na utumbo wa mzee ni mwepesi kutoboka. Yeye hapati choo cha damu, hajakonda, na miaka saba nyuma alipimwa akaonekana safi.

"Mzee wangu, ungekuwa baba yangu ningekwambia baki na saumu zako."

Dalsu kashukuru. Kauliza jambo moja tu, kama bado lazima aje mtu wa kumshika, maana kuna ile sindano ya usingizi. Binti kasema lazima, bila mtu hawakupimi.

Basi hapo hapo kaamua apimwe. Maana miaka saba nyuma mtu huyo alikuwa Incheol. Alimbebea viatu kwenye mfuko, akamshika mkono wakati dunia inamzunguka, wakala uji wa mchele pamoja pale mbele ya hospitali, na usiku akalala chumba cha baba yake akikoroma kama mama yake. Siku nzima na usiku mzima. Tangu hapo anakuja sikukuu, anakula huku anatazama saa, kaondoka.

Sunrye wa nyumba ya pili, mjane wa rafiki yake, hakuliacha lipite.

"Shemeji, yaani wakuchungulie nyuma ili wewe umwone mwanao mbele?"

"Kama njia ni hiyo, wachungulie."

Kaanika godoro la mgeni kwenye ukuta wa uani. Kanywa dawa yao, jagi kwa jagi, kakimbilia choo mpaka kukakucha. Asubuhi kapanda basi, kabana, kafika.

Mlangoni pa hospitali kasimama mwanamke wa makamo, kizibao cha kijani, mkononi karatasi yenye jina la Dalsu. "Karibu, baba. Mimi ndiye wa kukusindikiza leo." Kila mtu anamwita baba, ndiyo kazi yake. Incheol kamkodi kwa saa tatu.

Dalsu kakaa kitini. Kayapima upya maneno ya binti wa miwani, moja moja, na safari hii upande wa pili wa mizani hakuwa na kitu cha kuweka. Nesi alipoleta karatasi ya kusaini, kamrudishia bila kusaini.

Yule wa kizibao kampasha Incheol habari, simu ikaja papo hapo. Incheol anafoka, kila kitu kishalipwa, baba anamwaibisha, na yote haya si kwa faida yake?

"Faida yenyewe ilikuwa wewe kuja," Dalsu kasema.

Mwana ati ana kikao, atapiga baadaye. Hata mbwa akikukanyaga anarudi kukulamba, lakini Incheol alikuwa na kikao.

Jioni godoro bado liko ukutani. Sunrye kapaza sauti toka kwake, shemeji, mvua hiyo, liingize. Hakuuliza mgeni yuko wapi, macho anayo. Dalsu kasema anaiona. Kalipapasa kwa kiganja, lilikuwa bado na joto la jua, kama la mtu aliyeamka sasa hivi. Kabaki pale ameliegemea mpaka matone yakaanza.