Udata wa Mdogo Wangu

Wiki iliyopita nilipita Murangi, nikakuta nyumba yetu haipo, pamelimwa mihogo. Nilisimama kitambo nikingoja uchungu, haukuja. Nikanunua dagaa, nikaendelea na safari.

Usidhani utoto wetu ulikuwa msiba mtupu, rafiki yangu. Asubuhi tulianika dagaa kwenye miamba tukifukuza kunguru, mikono ikinuka ziwa mpaka jioni. Ugali wa udaga, ule wa mihogo iliyovundikwa, tulikula tukashiba. Ila mlio wa baiskeli ya baba ukisikika tu, nyumba nzima ilifunga mdomo. Alimpiga mama kwa lolote: chumvi imezidi, chumvi imepungua. Mimi, binti wa miaka saba, nilimvuta mdogo wangu nyuma ya kihenge cha mtama, nikamziba mdomo kwa kiganja. "Ukitoa sauti anakuja," nilimwambia. Alinitii kupita kiasi.

Alifika miaka minne hajasema neno mbele ya mtu mzima. Jirani alimsifu, eti mtoto kimya ndiye mwenye adabu. Mama hakuridhika, akamwita bibi kutoka Butiama. Bibi alimpanua mdomo, akamkagua kama ndama wa mnadani.

"Huyu ana udata, ulimi umefungwa kwa chini," alisema. "Nilishawaonaga wa hivi. Akikatwa, atasema."

Mimi nilijua hana udata wowote. Nyuma ya kihenge alininong'oneza habari ndefu, za kuku, za mitumbwi, za kenge aliyemwona kisimani, na maneno yamenyooka kuliko yangu. Sentensi moja ingetosha. Lakini wangeniuliza anasemea wapi, na kwa nini huko, na baba alikuwa pale pale anakunywa uji. Nikanyamaza. Wembe ukapita chini ya ulimi. Hakulia. Damu ilimtoka huku ananitazama.

Baba alishakufa, bibi pia. Mdogo wangu anapakia mizigo kivukoni Kisorya. Kusema alianza shuleni, neno moja moja, na bibi akajisifu hadi kaburini kwamba wembe wake ulimponya. Lakini tangu siku ile hakuninong'oneza tena. Nilimfuata nyuma ya kihenge, nikamwambia, "Nisimulie." Akafunga mdomo, kama alivyomfungia baba. Mpaka leo tunasalimiana vizuri, tunaulizana hali ya watoto. Zile habari ndefu sijui alizipeleka wapi.