Kifaa cha Amos na Mwenye Nacho

Saa moja kasorobo asubuhi. Manyunyu yanaanguka kwenye uwanja wa magari nyuma ya kanisa la Harthwaite, na Noreen Bickerdike amepiga magoti topeni mbele ya kasha la mtu asiyemfahamu. Anachomoa misumeno yenye kutu mmoja baada ya mwingine, anaikunja kidogo, anaiachia, kisha anaitegea sikio.

"Huu bado una sauti," ananiambia, mimi niliyekuja na daftari. "Huu umejifia wenyewe. Na huu hapa, kuna mtu aliuua."

Ni Jumamosi ya mkutano wa wakusanyaji wa zana za mkono za kale, unaofanyika hapa kila majira ya kuchipua. Buti za magari ziko wazi, na ndani yake zimejaa randa, patasi na nyundo ambazo wenyewe walishazikwa zamani. Wanaume wenye makoti yaliyolowa wanazunguka wakijifanya hawataki kitu. Anayekitaka kitu kweli hukipita mara tatu bila kukitazama.

Noreen, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, ni fundi wa kunoa misumeno. Hutoza pauni nane kwa mmoja, na wiki nzuri humletea kumi na miwili. Pengo analiziba kwa kufagia shule ya msingi jioni nne kwa wiki.

"Siku hizi watu wananunua msumeno kama kiberiti," anasema. "Ukiisha, jalalani. Mimi naishi kwa hawa wendawazimu wa hapa."

"Tumekusikia!" sauti inajibu kutoka nyuma ya gari.

Lakini leo hakuja kunoa tu. Ndani ya koti lake, kikiwa kimefungwa kwa fulana kuukuu, kuna kifaa alichokileta hapa miaka miwili mfululizo, na hakuna mtu aliyekitambua.

Ni kipande cha chuma kirefu kama kiganja, kimepinda, kina mwanya mmoja mwembamba na ukingo uliochomoza ubavuni. Mpini wake wa mti mgumu umechongwa kijishimo cha kidole gumba. Chuma chote kimevaa kutu ya kahawia, ile ambayo wakusanyaji huipapasa kwa mahaba.

Kilikuwa cha baba yake, Amos, seremala aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Ugonjwa wa kusahau ulimchukua kidogo kidogo, na mwaka wa mwisho alimwona binti yake kama mteja.

"Alikuwa ananiita bibie," anasema Noreen. "Mimi! Niliyesimama ubavuni mwake tangu nina miaka kumi na minne. Siku moja akaniwekea kitu hiki mkononi. 'Bibie,' akasema, 'mpelekee mwenye nacho. Mwambie nimechelewa, anisamehe.' Nikamuuliza, mwenye nacho nani? Akanitazama kama mgonjwa ni mimi."

Wiki mbili baadaye Amos alifariki. Hakuwahi kumwomba binti yake jambo jingine.

"Kuna mtu mahali fulani anangoja kitu chake," anasema. "Na mimi sijui hata ni kitu gani. Nitamjuaje mwenyewe?"

Anakoroga chai kwa mkono wa kushoto, kisha anahamishia kikombe mkono wa kulia ndipo anakunywa. Alizaliwa mtu wa kushoto, anaeleza, ila karakana ya baba yake haikuwa na nafasi ya mambo hayo. Benchi, jiliwa la kubania vitu, taa, vyote vilipangwa kwa mkono wa kulia. Amos alimfunga utepe mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ili asisahau ni upi wa kazi. Aliuvaa miaka miwili.

Saa nne wote wanaingia ukumbini kwa ajili ya meza wanayoiita Nini Hiki. Kila aliyeleta kitu kisichojulikana hukiweka juu ya meza, na wengine hukishika kwa zamu na kusema wanachodhani. Mwenye kitu haruhusiwi kukigusa wala kufungua kinywa, asije akawapotosha watu kwa hadithi za babu yake. Katibu, Derek Lumb, tarishi mstaafu mwenye sauti ya mwamuzi wa mpira, huandika kila kitu kwenye kitabu kikubwa: jina la kifaa, kazi yake, mwenye nacho.

Kifaa cha Noreen kinaanza safari yake.

"Cha kukatia masikio ya kondoo alama," anasema wa kwanza.

"Kondoo gani atakubali? Hicho ni cha mafundi viatu vya mbao."

"Jibini! Angalia huo mwanya, ni wa waya wa jibini."

"Wewe kila mwaka jibini. Mwaka jana sindano ya kushonea vitambaa vya majeneza uliiita ya jibini."

Wengine wamekuja na vitabu vya bei za viwanda vilivyofungwa zamani, wanafunua kurasa kwa vidole vyenye mafuta ya nyama ya nguruwe. Mmoja anaapa kina miaka mia mbili. Jirani yake anaapa ni mia na hamsini, na wanakaribia kununiana. Daftari langu la siku hiyo lina kazi saba tofauti za kitu kimoja, zote zimesemwa na watu wenye uhakika, na nakiri kwamba niliziamini zote kwa zamu.

Noreen amekaa na mikono chini ya mapaja. Uso wake umesawajika. Hii ni mara ya tatu, na kitabu cha Derek hakiruhusu kitu kirudi mara ya nne.

Kisha mtu wa jibini, akinyoosha mkono kukichukua tena, anakisukuma kwa kiwiko na kinadondoka.

Noreen anakidaka. Hakupanga, mkono wa kushoto ulitangulia tu.

"Umegusa!" Derek anapaza sauti. "Noreen, kanuni!"

"Nyamaza, Derek," anasema Cuthbert Ogden, mzee wa miaka themanini na minne aliyekuwa fundi wa magurudumu ya mikokoteni. "Wewe mama, usibadilishe mkono. Kaa hivyo hivyo."

Noreen anatazama mkono wake. Kidole gumba chote kimeingia kwenye kijishimo. Kwa miaka mitatu amekishika kwa mkono wa kulia, kama alivyofundishwa kushika kila kitu, na ukingo ule ukawa unatazama nje bila maana. Sasa unatazama ndani.

Cuthbert anaomba miwani ya jirani na kuchungulia mwanyani. "Alama za tupa hizi ni mpya. Banda la baba yako linavuja?"

"Linavuja sana, mzee."

"Basi hii kutu ni ya mvua. Kitu hiki hakina hata miaka kumi. Mletee msumeno."

Msumeno unabanwa kwenye jiliwa. Noreen anaingiza jino kwenye mwanya, ukingo unalala juu ya bapa la msumeno, anakandamiza. Jino linapinda kidogo, sawasawa. Ni kifaa cha kupindia meno ya msumeno ili usikwame kwenye mbao, kazi anayoifanya kila siku ya maisha yake, ila hiki kimetengenezwa kwa mtu wa mkono wa kushoto.

Watu wenye maarifa yote yale walikitafuta kwenye vitabu vya mababu, na hakuna aliyewaza kuuliza kama ni kipya.

Noreen analia bila kujificha. "Si angesema tu," anarudia. "Kwa nini hakusema?"

Derek, ambaye si mtu mbaya, anakohoa. "Sipendi kuharibu. Lakini marehemu alikuwa anaumwa. Huenda alitaka kutengeneza cha kulia, akachanganya."

Cuthbert mwenyewe anakuna kidevu na kusema hajui, na hakuna atakayejua.

"Inawezekana," Noreen anasema, akifuta pua kwa ile fulana. "Kama alikosea, basi alikosea upande wangu."

Anasema atakaporudi nyumbani ataling'oa jiliwa la baba yake na kulifunga upande wa pili wa benchi, na taa pia ataihamisha. Katika mkutano mwingine, ule mdogo wa majira ya kupukutika, anataka kunoa kwa mkono wa kushoto mbele ya watu. Anatarajia kuharibu misumeno kadhaa kabla ya hapo, na ameomba wateja wake wavumilie.

Derek anafungua kitabu. Kwa kanuni, kitu kipya hakikai kwenye meza, kwa hiyo anapiga mstari juu ya jina la kifaa na juu ya kazi yake. Anafika kwenye sehemu ya mwenye nacho, anasita, kisha anamgeuzia Noreen kitabu na kumpa kalamu.

Anaipokea kwa mkono wa kulia. Anaitazama kidogo, anaihamisha, na kwa herufi kubwa zilizopinda kama za mtoto wa darasa la kwanza, anaandika jina lake.